Hofu Haikai Ukutani

Watetezi wa Scorn wamekuwa na maneno yale yale tangu gemu hiyo ilipotoka tarehe 14 Oktoba 2022. Nimewasikiliza kwa makini, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu hoja zao si za kitoto na gemu yenyewe si ya kudharau. Leo naomba wasomaji mkae kwenye kiti cha hakimu. Upande wa utetezi mmeshausikia: kwamba Scorn ni kazi ya sanaa, kwamba ugumu wa mapigano yake ni wa makusudi, kwamba anayelalamika alitaka gemu ya vita akaingia duka lisilo lake. Mimi nasimama upande wa pili, na dai langu ni moja. Uchezaji dhaifu wa Scorn haukai kando ya mazingira yake ya kutisha kama doa kwenye pindo la kanga nzuri. Unayaua mazingira hayo kutoka ndani.

Nianze na ninayoyakubali, ili tusipoteze muda nayo baadaye. Ebb Software, kampuni ya Belgrade huko Serbia inayoongozwa na Ljubomir Peklar, iliihangaikia kazi hii kwa miaka mingi. Mwaka 2014 waliomba michango ya umma wakashindwa kufikia lengo. Mwaka 2017 wakaomba tena, wakafanikiwa. Walichokijenga hakina mfano wa karibu. Korido zimesukwa kwa mifupa. Milango ina mishipa. Kuna mashine zinazokudai uzitumbukizie mkono, nazo zinakuchoma kabla ya kukutii. Wamechota kwa H. R. Giger wa Uswisi na Zdzisław Beksiński wa Poland, na wamefanya kazi ngumu kuliko kuiga: wametwaa picha za kutazamwa ukutani wakazigeuza kuwa nyumba za kutembea ndani yake. Muziki wa Lustmord na Aethek unanguruma chini ya kila kitu kama tumbo la mnyama aliyelala. Hayo yote ni ya kweli, na hakuna mtu makini anayeyabisha. Kesi yetu inahusu kinachotokea unapoanza kucheza.

Hoja yao nzito kuliko zote ni hii. Mhusika wa Scorn si askari. Ni mwili uliochubuka, ulioamka peke yake katika dunia isiyomjali. Mkabidhi bunduki nyepesi na lengo sahihi, naye ataacha kuogopa. Kwa hiyo ile silaha ya kwanza, inayopiga kwa karibu mno kama nyundo ya mashine kisha ikadai muda wa kupumzika, ni sehemu ya maana ya gemu. Ubovu wake ndio ujumbe wake.

Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo naikubali: hofu inahitaji udhaifu. Kosa liko katika kudhani kwamba udhaifu ni wa aina moja. Mkulima aliyechoka na jembe lililolegea mpini ni vitu viwili tofauti, hata kama vyote viwili vitalichelewesha shamba. Katika Resident Evil ya mwaka 1996 mchezaji alikuwa dhaifu kwelikweli. Hakuweza kutembea huku anafyatua, risasi zilikuwa za kuhesabu, na hata kuhifadhi alipofikia kulimgharimu utepe wa wino wa taipureta, nao ulikuwa haba. Lakini zana zake zilikuwa za kweli. Alijua amebakiwa na risasi ngapi. Alijua kwamba maiti ile ya kwenye korido akiiua leo amepoteza risasi, na akiikwepa ataikuta tena kesho akirudi na ufunguo. Aliamua, akaishi na uamuzi wake. Katika Silent Hill 2 ya mwaka 2001, James Sunderland anazungusha ubao kama mtu ambaye hajawahi kupigana maishani, na ndivyo alivyo. Hata hivyo redio yake inaanza kukoroma kabla kiumbe hakijaonekana, na katika sekunde hizo chache mchezaji anaweza kuzima tochi, kurudi nyuma, au kukaza mkono. Udhaifu wa James umepewa taarifa, na taarifa hiyo ndiyo inayomtetemesha mchezaji.

Sasa linganisheni na Scorn. Adui anatema asidi akiwa mbali. Silaha yako inafika karibu tu. Mwendo wako ni mzito, korido ni nyembamba, na kati ya mapigo yako kuna kusubiri. Unasogea, unatemewa, unapiga, unasubiri, unatemewa tena. Hata ukija kupata bastola na bunduki ya risasi za kutawanyika, kuzijaza ni zoezi refu linalofanyika huku unaliwa. Niambieni ni wapi katika mlolongo huo mchezaji ameamua jambo. Aliyeshindwa kwa sababu alichagua vibaya hubaki na hofu, kwani anajua itambidi achague tena. Aliyeshindwa bila kuwa na la kuchagua hubaki na uchovu. Scorn inatoa uchovu, na watetezi wake wanauita hofu.

Halafu, mara nyingi katika pumzi ile ile, watetezi hao hao hutoa hoja ya pili: kwamba si lazima kupigana. Vile viumbe, wanasema, havikuwindi. Ukirudi nyuma na kutulia, vingine vinajiingilia kwenye matundu yao na njia inabaki wazi. Anayepigana na kila anachokiona ndiye aliyeicheza vibaya.

Jambo hili ni kweli katika baadhi ya vyumba, na nasema wazi kwamba lilinifurahisha kuliko lolote nililolikuta baada ya sehemu ya kwanza ya gemu. Kusimama gizani ukitazama kitu cha kutisha kikipita na shughuli zake, bila kukujali, kunaeleza dunia ile kuliko korido kumi za mifupa. Lakini waamuzi, ziwekeni hoja hizi mbili pamoja. Ya kwanza inasema mapigano ni mabaya kwa sababu yamebeba maana. Ya pili inasema mapigano ni ya kukwepwa, kwa hiyo ubaya wake usihesabiwe. Kama yamebeba maana, tunayahesabu. Kama hayahesabiwi, kwa nini gemu imetujazia silaha nne, vituo vya kuongeza risasi na vituo vya kuponya majeraha? Na kuna ushahidi unaozibomoa zote mbili kwa mpigo. Karibu na mwisho, katika lile jengo kubwa kama kanisa, Scorn inakufungia na mashine inayoendeshwa na kiumbe mdogo aliyekaa ndani yake. Hakuna tundu, hakuna kupita pembeni. Unamkabili, unamshinda, kisha anakuja wa pili. Unapewa silaha ya kurusha mabomu. Hapo habari ya kukwepa imekwisha, na habari ya mwili dhaifu usio na msaada imekwisha pamoja nayo. Kilichobaki ni pambano la bosi la kawaida kabisa, kama yaliyomo katika gemu za vita ambazo tuliambiwa hii haitaki kufanana nazo.

Wengine huacha kuyatetea mapigano na kuhamia mahali wanapopaona salama zaidi. Scorn, wanasema, ichukuliwe kama jumba la makumbusho. Giger ana jumba lake mjini Gruyères tangu mwaka 1998, na hakuna anayetoka pale akilalamika kwamba hakupewa cha kucheza. Watu huingia, hutazama, huondoka wamebadilika. Kwa nini gemu isiruhusiwe kuwa hivyo?

Iruhusiwe, na mimi ningekuwa wa kwanza kupanga foleni. Ila jumba la makumbusho halikuui katika chumba cha sita na kukurudisha cha tatu ukavitazame vyote upya. Scorn yenyewe inaikataa hoja hii, kwa sababu inang'ang'ania kukuua. Frictional Games ya Uswidi ilipoona kwamba kuna watu wanaotaka kutembea ndani ya gemu yake ya SOMA bila kukimbizwa, mwaka 2017 iliongeza namna ya kuicheza ambamo majitu yapo lakini hayakuui. Huo ulikuwa uamuzi wa watu wanaojua walichokijenga na wanaomheshimu anayekuja kukitazama. Scorn haina mlango kama huo. Huwezi kukilazimisha kitu kuwa uwanja wa mapambano saa unapokicheza, halafu kikawa jumba la picha saa unapokihukumu.

Na kwa kuwa jina la Giger limetajwa, nalo ndilo ngao kubwa ya upande ule, nawaletea shahidi wangu muhimu. Mchoro wake wa mwaka 1976 uitwao Necronom IV ndio uliozaa kile kiumbe cha filamu ya Alien ya mwaka 1979. Mwaka 2014, Creative Assembly ya Uingereza ilikichukua kiumbe hicho ikatengeneza Alien: Isolation. Chanzo ni kile kile. Mbavu zile zile, utelezi ule ule, ule mchanganyiko wa chuma na nyama. Tofauti ni kwamba watu wa Creative Assembly walijiuliza kiumbe kile kinataka nini. Wakakigawia akili mbili: programu moja inayojua daima ulipo na kukinong'oneza kiumbe kuhusu eneo la kutafuta, na nyingine, ya kiumbe chenyewe, isiyojua lolote isipokuwa kinachoona na kusikia. Ukizoea kujificha kwenye makabati, kinaanza kuyakagua makabati. Kukiua haiwezekani. Moto unakifukuza kwa muda tu. Hata kuhifadhi ulipofikia ni tukio la kutisha, kwani unachomeka kadi ukutani na kusimama ukisubiri taa tatu ziwake, huku nyayo zinasikika juu ya dari.

Mtetezi atasema, na ni haki yake, kwamba Alien: Isolation nayo hukurudisha mbali unapokufa. Hilo ni kweli. Lakini ukirudi, kiumbe hakipo pale ulipokiacha. Korido ile ile imekuwa korido nyingine, kwa sababu kitu kilicho ndani yake kina akili na nia. Katika Scorn ukirudi, adui yuko pale pale, anatema kutoka kona ile ile, nawe unajua idadi ya mapigo atakayohitaji. Huu ndio msingi wa kesi yangu, kwa hiyo niuelezee kwa kilichonipata.

Niliicheza usiku, taa zimezimwa, vipokea sauti masikioni, kama inavyostahili. Mara ya kwanza nilipoingia katika korido moja ndefu nilitembea polepole kwa hiari yangu. Nilisimama kutazama ukuta uliofanana na mgongo wa mtu aliyeinama. Nikafa. Mara ya pili niliupita ukuta ule nikiutazama kwa pembeni. Nikafa. Mara ya nne sikuuona kabisa. Nilikuwa nakimbia, macho chini, nahesabu mapigo, nawaza kuhusu umeme, kwa sababu mtaani kwetu umeme ukikatika huku kituo cha kuhifadhi kiko mbali, kazi ya nusu saa inakwenda nao. Ukuta ambao fundi wa Belgrade huenda aliuchonga kwa wiki nzima ulikuwa umegeuka rangi ya njia. Aliyeufuta si mimi. Aliufuta yule aliyepanga kwamba nipite mbele yake mara nne.

Aliyekulia mahali penye hadithi za jioni ataelewa. Bibi anayekusimulia habari za zimwi hakuachi ufike pale zimwi linapobisha hodi, kisha akakatiza na kukurudisha kwenye paukwa, kisha akakufikisha pale pale, akakurudisha tena. Angefanya hivyo mara nne, watoto wangelala, hata zimwi liwe na meno ya namna gani. Anajua kwamba hofu ina mwendo wake, na kwamba mwendo huo ukivunjwa hauungiki kwa kuongeza meno.

Kuhusu ukimya wa gemu nitasema kwa ufupi. Scorn haina mazungumzo wala maandishi, na watetezi wanauita huo ujasiri. Wanamtaja Beksiński, ambaye hakuwa akizipa picha zake majina. Nakubali kwamba ni ujasiri kutomweleza mtu maana ya anachokiona. Lakini kunyamaza kuhusu maana na kunyamaza kuhusu kanuni ni mambo mawili. Inside, iliyotengenezwa na Playdead ya Copenhagen mwaka 2016, nayo haisemi neno. Hadi leo watu wanabishana kuhusu mwisho wake. Hata hivyo hakuna anayebishana kwa nini alikufa, kwa sababu kila kifo kinaonyesha sababu yake waziwazi, na baada ya sekunde chache uko hatua chache nyuma, tayari kujaribu. Ukimya wa Inside unakuacha na swali kuhusu dunia. Ukimya wa Scorn mara nyingi unakuacha na swali kama umekwama au gemu ndiyo iliyokwama.

Hoja ya mafumbo inanigusa zaidi, maana hapa utetezi ulikuwa na ushahidi mzuri mkononi ukauacha uponyoke. Wanasema mafumbo ya Scorn ni sehemu ya dunia yake, si vizuizi vilivyopachikwa. Katika sehemu ya kwanza hilo ni kweli kabisa. Unapanga vifuko ukutani hadi kimoja kinyakuliwe. Ndani yake kuna kiumbe hai, dhaifu, anayelia. Unamsukuma kwenye kigari cha reli, na mbele yako kuna mashine mbili. Moja inamvunja ganda lake, naye anakufuata akijikongoja hadi kwenye mlango unaohitaji mkono wake. Nyingine inamkata, nawe unauchukua mkono wake peke yake. Mlango unafunguka kwa njia zote mbili. Gemu haikusifu wala haikulaumu. Vidole vyako ndivyo vilivyobonyeza kitufe, nawe unatembea nalo hilo hadi mwisho. Hapo mazingira na uchezaji ni kitu kimoja, na hapo Scorn ni kazi kubwa.

Kwa hiyo naiuliza meza ya utetezi: baada ya hapo ni lini tena? Mafumbo yanayofuata mengi ni ya kuzungusha duara hadi taa zilingane, ya kusogeza vipande hadi njia ifunguke. Yafunike kwa nyama au kwa plastiki, ni yale yale. Yatoe yalivyo uyaweke katika mchezo wa kupoteza muda kwenye simu, na hakuna kitakachopungua. Fumbo la yule kiumbe huwezi kulihamisha popote. Watengenezaji walijua kufanya jambo hili. Walilifanya mara moja, mwanzoni, kwa ustadi wa kutisha. Ndiyo maana siwezi kukubali msamaha wa mwisho, kwamba hawa ni kikundi kidogo na tuwahurumie. Amnesia: The Dark Descent ya mwaka 2010 ilitengenezwa na watu watano hivi, wasiokuwa na pesa za kuchonga mifupa. Walikuwa na kanuni moja: giza linakuficha majitu yasikuone, na giza linakula akili yako. Ukiwasha taa unaonekana, ukiizima unapagawa. Kanuni hiyo moja iliufanya kila mshumaa wa ngome ile kuwa uamuzi. Haikuhitaji fedha. Ilihitaji mtu aliyekaa chini akajiuliza mchezaji atafanya nini mahali hapa, na kwa nini mkono wake utatetemeka.

Nimebakisha tukio la mwisho, ambalo utetezi hulitoa kama turufu. Baada ya mateso yote, mwili wa mhusika unabebwa kuelekea kwenye lango lenye mwanga. Mdudu aliyekuwa amemkumbatia na kumchimba tumbo njiani, ambaye tulidhani tumemng'oa, anamrukia tena. Wanageuka kuwa donge moja la nyama lililoganda karibu na lango, milele. Wanasema huo ni mwisho wa kikatili na wa kweli, na kwamba uchovu wote wa njiani ulikuwa unatuandaa kwa ajili yake.

Ni taswira kali, na sitaipunguzia uzito. Lakini kushindwa hatua chache kabla ya lango kunamuumiza yule tu aliyetaka kufika. Mimi nilipoingia Scorn nilitaka kufika. Nilitaka wakati yule kiumbe alipokuwa akijikongoja nyuma yangu, na nilitaka nilipokuwa nimesimama gizani nikimsubiri mnyama apite. Kisha zikaja zile korido, moja baada ya nyingine. Donge lile lilipoganda mbele ya mwanga, niliutazama uzuri wake kwa muda, nikajua vizuri nilichotakiwa kuhisi. Nilivua vipokea sauti, nikagundua kwamba nilichokihisi ni nafuu.